Datsun ya baba, kamshafti ya rali, na funzo nililolipata Grogan

WAHENGA wetu walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami, msomaji wangu mpenzi, niliinama kweli kweli. Niliinama kwa muda wa siku sita, mikono imejaa grisi mpaka viwikoni, katika uwanja mdogo ulio nyuma ya maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, nikibadilisha kamshafti ya motokaa kwa mikono yangu mwenyewe.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni ya kalamu na karatasi, na kabla ya hapo spana niliijua kwa kuiona tu mikononi mwa watu wengine. Lakini yaliyonipata katika siku hizo sita nimeona si vyema kuyaficha, kwani ndani yake mna habari ya ufundi, habari ya urithi, na habari ya soko. Na katika hayo matatu, lililonitoa jasho zaidi halikuwa la ufundi.

MOTOKAA YA URITHI

Motokaa yenyewe ni Datsun 1600 SSS. Vijana wa leo huenda hawaijui, lakini wazee wa Mombasa waliokuwa wakitoka majumbani kwenda kutazama magari ya Safari Rally yakipita wanaikumbuka. Mwaka 1970 ndiyo motokaa iliyomtoa mshindi, Edgar Herrmann, katika mashindano hayo yaliyoanza mwaka 1953. Marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinunua ya kwake miaka michache baadaye, tena ilikuwa imekwisha tumika, kwa sababu hiyo moja tu: kwamba ndugu yake ilishinda rali. Hiyo ndiyo motokaa iliyotupeleka skuli, iliyompeleka mama hospitali kujifungua kitindamimba wetu, na iliyobeba wageni wa harusi za mtaa mzima wa Kibokoni bila ya kudai hata senti ya petroli.

Baba alifariki mwaka 2019. Madeni yalipolipwa na mirathi ilipogawanywa kama sheria yetu inavyotaka, ilibaki Datsun. Kuigawa haiwezekani, na kuiuza hakuna aliyekuwa na moyo huo. Dada yangu mkubwa na ndugu yangu mdogo wakasema mbele ya mashahidi kuwa wameniachia mafungu yao. Lakini dada akaweka sharti. Akaniambia: "Ichukue, kaka. Ila usiiuze, na usiigeuze."

Nikakubali. Wakati huo sikujua kwamba neno hilo "usiigeuze" litakuja kunikosesha usingizi.

INJINI INAVYOPUMUA

Kabla sijaendelea, yafaa nieleze kamshafti ni nini, kwani wengi tunaendesha motokaa miaka nenda miaka rudi bila ya kulijua jina hilo.

Injini ni kama kiumbe kinachopumua. Kila silinda ina mlango wa kuingizia hewa na petroli, na mlango wa kutolea moshi. Milango hiyo huitwa vali. Datsun yetu ina silinda nne, kwa hiyo vali ni nane. Sasa, ni nani anayefungua milango hiyo kwa zamu bila ya kukosea? Ndiye kamshafti. Ni chuma kirefu kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, kilicholala juu ya injini, na juu yake mna matumbo manane yenye umbo la yai. Chuma kikizunguka, ncha ya yai hukandamiza kipande kiitwacho roka, roka nayo husukuma vali, mlango ukafunguka. Ncha ikishapita, springi huufunga.

Mnyororo ndio unaoizungusha. Krenkishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Basi injini ikienda mizunguko 6,000 kwa dakika, kila vali hufunguka na kufungwa mara 50 katika sekunde moja. Hebu fikiri, msomaji: kabla hujamaliza kutamka "Bismillahi", mlango mmoja umekwisha funguliwa na kufungwa mara hamsini!

Sasa siri iko katika umbo la lile yai. Tumbo likiwa jembamba, mlango hufunguka kwa muda mfupi. Tumbo likinenepa na kurefuka, mlango hukaa wazi zaidi na injini hupata pumzi kubwa. Muda huo hupimwa kwa digrii za mzunguko wa krenkishafti. Kamshafti ya kawaida ya motokaa kama yangu hukaribia digrii 250. Ya rali huweza kufika 290 na kupita.

Kwa nini basi kiwanda hakikutia kubwa tangu mwanzo? Waulize manahodha wetu wa majahazi. Tanga kubwa ni zuri ukiwa bahari kuu na upepo umetulia nyuma yako. Lakini hakuna nahodha mwenye akili aingiaye mlango wa bandari na tanga kubwa limefura. Kamshafti ya rali ni vivyo hivyo. Injini ikienda mbio sana hufurahi; ikienda polepole hutetemeka, kwani mlango wa hewa na mlango wa moshi hukaa wazi pamoja, moshi ukarudi ndani na petroli ikapotea bure. Pale motokaa inaposimama na kunguruma yenyewe, hali ambayo mafundi huiita silensa, injini hiyo hurukaruka kama mtu mwenye homa ya baridi.

TAMAA ILIVYONIINGIA

Mwezi wa Juni 2021 Safari Rally ilirudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya kutoka mwaka 2002. Nilikwenda kusimama pale Jumba la Mikutano la Kenyatta, katikati ya jiji, kuangalia magari yakianza safari. Wallahi sauti zile ziliniingia mpaka mifupani. Nikamkumbuka baba akitusimulia habari za Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, ambaye yeye mwenyewe alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa. Mwaka 1965 alishinda yeye na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwisha tumika. Kisha akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Na Shekhar Mehta je? Mara tano: 1973, halafu miaka minne mfululizo kutoka 1979 hadi 1982, na zote tano katika Datsun. Motokaa ya ushindi wake wa mwisho ilikuwa na kamshafti mbili kichwani.

Ikawa nikirudi nyumbani kila siku naiangalia Datsun ya baba na kujiuliza maswali.

Tena ilikuwa na ugonjwa. Tangu niilete Nairobi ilikuwa ikichoka milimani. Kupanda kutoka Westlands kwenda Kangemi ilikuwa shida. Hata matatu iliyojaa watu ikinipita. Baadhi ya udhaifu huo si kosa la motokaa. Katikati ya Nairobi ni karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha sehemu moja katika sita. Injini iliyozoea pumzi ya pwani ikipandishwa huku hupungukiwa kama mzee aliyepanda ngazi. Lakini palikuwa na jambo jingine: mlio. Kata-kata-kata, kutoka juu ya injini, na kila mwezi unazidi.

Nikampelekea fundi mmoja mzee, mwenye uwanja wake nyuma ya Barabara ya Kirinyaga. Akafungua kifuniko cha juu, akapitisha ukucha wake juu ya yale matumbo manane, akaninyooshea la sita. "Ustadh, hii imekwisha," akaniambia kwa Kiswahili chao cha Nairobi. "Imelika. Hii tumbo imekuwa tambarare."

Nikaona mlango wa tamaa umefunguka. Ikiwa kamshafti ni lazima ibadilishwe, kwa nini nisitie ya rali?

SOKO LA GROGAN

Barabara ya Kirinyaga zamani iliitwa Grogan, kwa jina la yule Mwingereza Ewart Grogan aliyesafiri kutoka Rasi ya Afrika Kusini hadi Kairo miaka ya 1898 mpaka 1900. Jina limebadilishwa lakini watu hawakulibadilisha vinywani mwao. Ukimwambia mtu wa Nairobi "naenda Grogan", anajua kwamba motokaa yako ni mgonjwa.

Ijumaa moja baada ya sala nilitoka Msikiti wa Jamia, nikavuka Moi Avenue, nikavuka Tom Mboya na River Road, nikaingia Grogan. Subhanallah! Pale utakuta milango ya motokaa imepangwa kama vitabu, taa zimening'inizwa kama ndizi, injini nzima nzima zimekaa barabarani na mafuta yakitiririka mtaroni. Kijana atakufuata hatua mia moja akikuuliza, "Unatafuta nini, boss?" na kabla hujajibu amekwisha sema anayo.

Katika duka moja nilioneshwa kamshafti iliyofungwa kwa karatasi ya nailoni, inang'aa, imepakwa mafuta vizuri. Muuzaji akaapa kwamba ni ya rali, imetoka Japani, na kwamba imebaki hiyo moja tu Kenya nzima. Nikatoa shilingi 18,000. Sikuuliza mengi. Mtu akitaka kudanganywa huwa hana maswali.

Nikampelekea mzee fundi kwa furaha. Hakusema neno. Akaipangusa mafuta, akachukua maikromita, akapima tumbo la kwanza, la pili, la tatu. Kila akipima anaandika kwa chaki ukutani. Alipofika la tano akapima mara tatu. Kisha akanipa mimi kile kipimo nipime mwenyewe. Tumbo la tano lilikuwa fupi kuliko wenzake kwa karibu nusu milimita. Akaniinamishia mwangani, nikaona mikwaruzo myembamba ya msasa. Haikuwa ya rali. Ilikuwa kamshafti ya kawaida, kuukuu, iliyokwisha choka, ikasuguliwa na kutiwa mafuta ing'ae.

Nilirudi dukani. Muuzaji akaniambia kwamba kitu kikishatoka mlangoni hakirudi, na kwamba hanijui. Nikatoka nimenyamaza.

SWALI LA FUNDI

Mzee fundi aliponiona nimekaa juu ya tairi, kichwa chini, akaja na vikombe viwili vya chai. Akaniuliza: "Ustadh, hebu niambie. Wewe unataka kushinda nani?"

Sikuwa na jibu. Kutoka Kilimani ninakoishi mpaka mjini ninakofanyia kazi, asubuhi motokaa huenda hatua kumi na kusimama. Huko kamshafti ya digrii 290 ingenifaa nini? Ingetetemeka, ingekunywa petroli, na ingenitia aibu kila taa nyekundu. Na katika barabara kuu ya Mombasa, ambako kila mwaka watu huacha roho zao, huyo ninayetaka kushindana naye ni baba wa watoto wengine. Dini yetu imetukataza kujidhuru na kudhuru wengine, na imetukataza israfu. Hapo nilikuwa nimekaribia yote mawili.

Fundi akaendelea. Akasema kamshafti ya baba haikufa yote. Tumbo moja tu limelika, tena si sana. Inaweza kupelekwa kwa wenye mashine, ikasagwa yote upya, matumbo yote manane yakawa sawa, na wakati huo huo ikapewa umbo lililonenepa kidogo, kama digrii 265 hivi. Hiyo ingetosha kuipa injini pumzi ya milimani bila ya kuiharibia silensa. Lakini akanionya: chuma cha kamshafti kina ngozi ngumu juu, na chini yake ni laini. Ukisaga kupita ngozi hiyo, ndani ya muda mfupi yote italika kama sabuni. Kwa hiyo lazima ipimwe kwanza. Ikapimwa, ikaonekana ngozi yatosha.

Usiku ule nilimpigia simu dada Mombasa. Nikamweleza yote, na mimi ni kaka yake ninayemheshimu kama mama. Akanyamaza kitambo. Akasema: "Kutengeneza na kugeuza ni vitu viwili. Wewe mwenyewe unajua unafanya lipi." Akakata simu.

KAZI YENYEWE

Nilimwomba fundi anilipishe kwa uwanja na kwa maneno yake, lakini kazi niifanye mimi. Akacheka, akakubali. Nitaieleza kwa ufupi, kwa faida ya yeyote mwenye injini ya namna hii.

Kwanza tuliondoa waya wa betri, tukatoa maji na rejeta, kwa sababu kamshafti hutolewa kwa mbele na lazima ipate nafasi. Kisha tukaizungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ya kwanza ikafika juu kabisa. Hapo ndipo nilipotakiwa nitie alama ya rangi kwenye mnyororo na kwenye gurudumu lake lenye meno, ili wakati wa kurudisha nisikosee hata jino moja. Ukikosea, vali na pistoni hukutana njiani, na hiyo ni ajali ndani ya injini.

Nikainama na brashi yangu. Nikakuta alama imekwisha tiwa. Rangi ya kijani, imefifia, nukta mbili zinazotazamana. Nikaitambua. Ilikuwa rangi ya madirisha ya nyumba yetu ya Kibokoni. Tena lile gurudumu lina matundu matatu yaliyoandikwa 1, 2 na 3, ambayo kiwanda kimeyaweka ili mnyororo ukirefuka kwa uzee, gurudumu lisogezwe tundu linalofuata na wakati wa vali urudi sawa. Likitoka kiwandani huwa tundu la 1. Letu lilikuwa tundu la 2. Marehemu baba alikuwa amefika hapo kabla yangu. Hakutuambia. Sote tulidhani motokaa ile haikuguswa kamwe.

Nilikaa kitambo nikiangalia zile nukta mbili. Mzee fundi hakunihimiza.

Tukaendelea. Tukapitisha kabari ya mbao iliyofungwa kamba katikati ya pande mbili za mnyororo, ikabane. Hili msisahau. Chini kuna kifaa kinachokaza mnyororo. Bila ya kabari kifaa hicho huruka kutoka mahali pake, na kukirudisha ni lazima ufungue mbele yote ya injini. Kazi ya siku moja huwa ya wiki. Nikatoa gurudumu. Nikalegeza roka moja moja na kuzipanga juu ya gazeti kwa nambari, 1 mpaka 8. Kisha kwa upole, kama mtu anayetoa upanga kwenye ala ya thamani, nikaivuta kamshafti nje.

Ile minara inayoishikilia kamshafti hatukuigusa. Imechongwa pamoja kiwandani ikiwa imefungwa. Ukiilegeza, huenda isirudi mstari mmoja tena, na kamshafti mpya ikakwama.

Kamshafti ikaenda kwa mashine ikakaa siku tatu. Iliporudi ilikuwa nyembamba kidogo mgongoni, kwa kuwa imesagwa, na hiyo ina maana roka zinakaa juu zaidi kuliko zamani. Kwa hiyo visahani vidogo vinavyokaa juu ya vali vilibadilishwa vikatiwa vinene zaidi. Fundi akanifundisha kupaka wino kwenye roka, kuzungusha injini kwa mkono, na kutazama ulipofutika. Mfuto ukiwa katikati, mambo sawa. Ukikaribia ukingo, badilisha kisahani. Roka nazo tulinunua mpya, zote nane, kwani roka kuukuu juu ya kamshafti mpya huila kama panya. Safari hii nilipima kila moja kabla ya kutoa pesa.

Nafasi ya vali tuliiweka, injini ikiwa baridi, milimita 0.20 kwa vali za hewa na 0.25 kwa vali za moshi. Ikishapata moto ikapimwa tena: 0.25 na 0.30. Aliyesaga akikupa vipimo vingine, fuata vyake.

Tulipaka matumbo yote ile grisi nyeusi ya kuanzia, tukatia oili inayofaa injini za zamani. Hili nalo ni jambo la kuangalia, kwani oili nyingi za siku hizi zimepunguzwa zinki, na zinki ndiyo kinga ya kamshafti za namna hii. Ikiwaka, usiiache silensa. Iweke mizunguko 2,000 au zaidi kidogo kwa muda wa dakika 20, ili chuma kipya kizoeane na chuma kingine kikiwa kimelowa oili vizuri. Dakika hizo 20 ndizo zinazoamua maisha ya kamshafti.

Nikasema "Bismillahi" nikazungusha ufunguo. Ikawaka mara ya pili.

MTEJA WA JUMAMOSI

Nilisema mwanzoni kwamba kilichonitoa jasho zaidi si ufundi. Sasa nikifikie.

Jumamosi, nikiwa nafunga vifaa, alikuja kijana kutoka Kangemi mwenye Datsun 180B. Injini yake ni ya ukoo mmoja na yangu. Alikuwa akitafuta kamshafti, na katika kuzungukazunguka ameiona ile yangu ya shilingi 18,000, ipo juu ya meza, bado inang'aa. Akauliza bei. Kabla sijafungua kinywa akasema: "Nina elfu kumi na tano hapa, cash."

Nitakwambia kweli, msomaji. Moyo wangu ulisimama. Sikuhitaji kusema uongo. Nilihitaji kunyamaza tu. Nami nilikuwa nimedhulumiwa, na hizo zilikuwa pesa za watoto wangu. Shetani hakunijia na pembe. Alinijia na hesabu. Akaniambia: wewe hukuisugua kwa msasa, wewe ni mwathiriwa tu kama yeye, na soko ndivyo lilivyo.

Nikakikumbuka kisa ambacho maalim wetu alitusomesha chuoni tukiwa wadogo, cha Mtume, Sala na Salamu zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, akakuta juu ni kavu na chini ni mbichi. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaambiwa mbona basi hakuiweka ile mbichi juu watu waione. Sote tunakijua kisa hicho. Lakini ni rahisi kukijua ukiwa mnunuzi.

Nikamwita yule kijana. Nikampa maikromita. Nikamwambia, "Pima hapa, kisha pima la tano." Akapima. Akaniangalia kama mtu aliyeona kioja. Akanishukuru, akaenda zake. Mzee fundi akatikisa kichwa, akasema: "Ustadh, wewe hapa Grogan huwezi kufanya biashara." Nikamjibu kwamba ni kweli. Kamshafti ile nikaiuza kwa uzito wa chuma chakavu, nikapata pesa ya chai.

SAUTI SI ILE

Baada ya mwezi nilikwenda nayo Mombasa. Milima ya Nairobi sasa inapanda bila kulalamika, ingawa si motokaa ya rali wala haitakuwa. Na kadiri nilivyoteremka kuelekea baharini, ndivyo pumzi yake ilivyozidi kurudi. Voi ilipita, Mariakani ikapita, na hewa nzito ya kwetu ikaanza kuingia dirishani na injinini pia.

Nilipofika Kibokoni nikapaki palipokuwa pa baba. Dada akatoka barazani. Akasimama akisikiliza injini, mkono kiunoni. Akasema: "Sauti si ile."

Nikamwambia, "Kweli, dada, si ile." Kisha nikafungua boneti nikamwonesha ile picha niliyoipiga ya zile nukta mbili za kijani. Akaishika simu muda mrefu. Akageuka akaangalia madirisha ya juu, ambayo rangi yake imekwisha badilishwa mara mbili tangu hapo, na bado kwenye pembe za mbao kijani kile huonekana.

Akauliza: "Sasa alama zako wewe umetia rangi gani?"

Nikamwambia nyeupe, juu ya zile zile.

Basi ndugu yangu uliye na motokaa ya mzee wako inayooza uani, nakusihi mambo matatu. Usiogope kuifungua, kwani vyuma vilifungwa na binadamu kama wewe. Kabla ya kununua chochote, pima mwenyewe, na kama hujui kupima, nenda na anayejua. Na jiulize lile swali la mzee fundi: unataka kushinda nani? Ukishapata jibu, ndipo utajua kamshafti ya kununua.

Wabillahi taufiq.